Kwenu mnaomhifadhi kaa kwato: damu yake isiwe hoja yenu pekee

Wanangu,

Nawasalimu kwa heshima ya kazi yenu. Nimefundisha elimu ya viumbe vya bahari mpaka nikastaafu, na hata sasa ripoti zenu nazisoma hadi majedwali ya mwisho. Kuna jambo linanitia wasiwasi katika namna mnavyomtetea kaa kwato, yule mnyama wa baharini mwenye gamba kama kwato ya farasi, na nimeona heri niliseme hadharani, kwa sababu linawahusu nyote, wa Marekani na wa Asia.

Kila mnapoulizwa kwa nini mnyama huyu alindwe, jibu huanza na damu. Mnaeleza kwamba damu yake ni ya buluu kwa sababu hubeba oksijeni kwa shaba. Mnaeleza jinsi Frederik Bang alivyoona mwaka 1956 kwamba bakteria fulani wakiingia mwilini mwake damu huganda, na jinsi yeye na Jack Levin walivyotengeneza kipimo kutokana na seli za damu hiyo. Tangu mwaka 1977, mamlaka ya dawa ya Marekani iliporuhusu kipimo hicho, chanjo, dripu na viungo vya bandia vimekuwa vikipimwa kwa njia hiyo kabla ya kumfikia mgonjwa, ili visibebe sumu ya bakteria inayoleta homa na hata kifo. Kabla ya hapo walikuwa wakichomwa sindano sungura, kisha watu wanakaa kusubiri kuona kama sungura hao wamepata homa. Yote hayo ni kweli, na mnayasimulia vizuri. Msikilizaji anajishika mkono alipochomwa chanjo, anashukuru, na mnampata.

Lakini hoja hiyo ina siku zake, na siku zenyewe zinahesabika. Ding Jeak Ling na Ho Bow wa Singapore walikwisha kupata, katika miaka ya 1990, njia ya kutengeneza maabara ile protini inayoanzisha mgando, bila kumtoboa mnyama yeyote. Tangu mwaka 2003 inauzwa. Ulaya iliiingiza katika kanuni zake za dawa kuanzia Januari 2021, na kanuni kama hiyo ya Marekani ilianza kutumika Mei 2025. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Katika miaka ya karibuni Marekani peke yake imekuwa ikikamata karibu kaa milioni moja kwa mwaka kwa ajili ya damu. Wanafungwa mstari mmoja, sindano inapitishwa kwenye kiungo laini kati ya vipande viwili vya gamba, damu inachuruzika kwenye chupa, kisha wanarudishwa baharini. Hesabu za usimamizi hukadiria kwamba asilimia 15 hufa, na ziko tafiti zilizopata zaidi ya hapo. Hata walio hai hutembea kwa uvivu kwa muda, na majike huenda wakapunguza kutaga. Kwa hiyo wenye viwanda wakibadilisha kipimo, sitalia.

Ninachowauliza ni hiki: siku ambayo hospitali hazitaihitaji tena damu yake, mtasimama na kusema nini? Mmemfundisha ulimwengu kwamba kaa huyu ana thamani kwa sababu anatufaa. Akiacha kutufaa, yule yule mliyemfundisha atawauliza kwa nini asiwe chambo.

Msidhani nazua. Katika karne ya 19 kaa hawa walirundikwa kwenye fukwe za Ghuba ya Delaware, mashariki mwa Marekani, wakakaushwa na kusagwa kuwa mbolea, zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Ilipopatikana mbolea nyingine biashara ikafa, lakini hakuna aliyeamka kuwalinda kwa sababu hiyo; waliachwa tu. Baadaye wavuvi wa mikunga na wa konokono wakubwa wa baharini wakagundua kwamba jike mwenye mayai ni chambo kisicho na mfano, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 waliovuliwa kwa chambo walizidi milioni mbili kwa mwaka. Mnyama mmoja, kazi tatu, na kila kazi ilipomwacha ilimwacha mikononi mwa inayofuata. Tena kiwanda cha damu, pamoja na makosa yake, kina sababu ya kutaka kaa awepo mwaka ujao. Kikiondoka, anaondoka pia mtu mmoja mwenye sauti kubwa kwenye kikao.

Basi anzeni sasa kumzungumzia mnyama mwenyewe. Mnayo mengi ya kusema, nami nashangaa mnavyoyaacha kwenye makala za kitaalamu. Semeni kwamba huyu si kaa kamwe; ndugu zake ni buibui na nge. Jamaa zake waligeuka mawe takriban miaka milioni 445 iliyopita, kabla ya dinosari wa kwanza, na umbo lile lile bado linapanda ufukweni. Waelezeni watu usiku wa bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo wa Mei na Juni, maji yanapofika juu kabisa kwenye mchanga wa Delaware. Jike anatangulia, dume mdogo amemng'ang'ania nyuma kwa miguu yake ya mbele, na madume wengine wanagombea pembeni. Jike anajichimbia, anataga fungu la mayai kama 4,000, anasogea, anataga tena, na msimu mzima anaweza kufikisha mayai 80,000. Fukueni mchanga kidogo mbele ya wageni wenu mwonyeshe yai lenyewe: kijani, dogo kama punje ya ulezi. Aliyeliona kwa macho yake haulizi tena linafaa nini.

Na mkimshika kaa mbele ya watu, mshikeni kwenye kingo za gamba, kwa mikono miwili. Nimeona picha za watu wazima wenye shahada wakimning'iniza kwa mkia. Mkia ule hauna sumu wala haumchomi mtu. Mawimbi yakimpindua, ndio anaouchimbia mchangani ajigeuze. Ukivunjika au kung'oka, atabaki chali juani, yavuyavu zake zikikauka, na ndege wataanza kumla akiwa hai. Kumgeuza mmoja ni kazi ya sekunde chache. Fundisheni hilo kwanza, fomu za kuhesabu zifuate.

Kuhusu ndege nina neno pia. Kitwitwi mwekundu wa jamii ya rufa husafiri kutoka ncha ya kusini ya Amerika hadi Aktiki ya Kanada, na hutua Delaware akiwa mifupa na manyoya. Kwa wiki kama mbili anakula mayai hayo mpaka uzito wake unakaribia kuwa maradufu. Tangu mwishoni mwa 2014 yumo katika orodha ya walio hatarini nchini Marekani, na ni yeye, kuliko mtu yeyote, aliyefanya mgawo wa chambo, yaani idadi ya kaa wanaoruhusiwa kuvuliwa, ukapunguzwa. Heko yake. Lakini nchini Japani, Uchina na Vietnam, na kisiwani Borneo, hakuna kitwitwi wa kumsemea kaa. Spishi tatu za Asia zinakufa kwa ujenzi wa kuta za bahari, kwa matope ya pwani kufukiwa ili yajengwe bandari, kwa nyavu, na kwa kutolewa damu, ambako huko mara nyingi hakufuatwi na kurudishwa majini. Ile yenye miiba mitatu iliorodheshwa kuwa hatarini kutoweka mwaka 2019. Mlioko Delaware mna takwimu za miongo kadhaa, na fedha. Wenzenu wanahesabu vifaranga kwenye matope, wamezama hadi magotini, kwa ruzuku ya mwaka mmoja mmoja. Waandikieni. Wapeni nafasi ya kwanza kwenye makala zenu, si ya saba.

Nirudi Delaware kwa jambo ambalo baadhi yenu mlilichukulia vibaya. Tangu 2013 mgawo wa chambo wa ghuba ile umekuwa madume karibu 500,000 bila jike hata mmoja. Mwaka 2022 modeli mpya ya kukadiria idadi ya kaa ikasema idadi imepanda kiasi kwamba majike wachache wangeweza kuvuliwa. Wananchi wakaandika barua kwa maelfu kupinga, na Tume ya uvuvi ya majimbo ya pwani ya Atlantiki, huku ikiikubali modeli, ikaacha majike wabaki sifuri. Najua mlioijenga modeli ile mliona mmedharauliwa. Nawaombeni mlitazame upya. Hoja ya wengi wao haikuwa damu wala chanjo. Walimtetea ndege na kaa kwa sababu wanawapenda. Hiyo ndiyo nguvu ninayowaambia muikuze, na ilijitokeza bila ninyi kuiandaa. Modeli yenu ilijibu swali la wangapi wanaweza kuchukuliwa. Swali la kama wachukuliwe ni la watu, na mtaalamu mwenye busara anakaa nao chini, anawaeleza hesabu bila kununa, na anasikiliza.

Wavuvi nao wasiwe maadui wenu. Mfuko wa chambo, unaomfanya konokono asile chambo chote mara moja, ulipunguza sana idadi ya kaa wanaohitajika, na ungebaki michoro tu kama wenye mitego wasingeukubali. Kijana anayetoka chuoni aende nao baharini kabla ya kuandika neno juu yao.

La mwisho ni la daftari. Jike huchukua takriban miaka kumi, akivua gamba mara kwa mara, kabla ya kupanda ufukweni kwa mara ya kwanza kutaga. Uamuzi mnaoutetea leo matokeo yake yataonekana wakati wengi wenu mmehamia kazi nyingine. Kwa hiyo andikeni namna mlivyohesabu: ufukwe upi, saa ngapi kulingana na maji, fremu ya ukubwa gani, nani alishika taa, vibandiko vipi mlivyobandika kwenye gamba na mahali gani. Nimeona mradi mzuri ukipoteza miaka kwa sababu aliyeondoka hakuacha maelezo, na aliyemfuata akahesabu kwa njia nyingine. Wekeni nakala mahali pawili, na mmoja wa wanaojitolea, mwenyeji wa ufukwe ule, awe na yake nyumbani kwake.

Ni mimi mzee wenu,
mwalimu mstaafu wa elimu ya viumbe vya bahari