Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Hakimu: nipigieni muhuri kwamba nilikuja

Assalaamu alaykum, Mheshimiwa.

Naandika mbele ya watu kwa sababu barua yangu ya kwanza kuhusu jalada la kesi yangu ya barabarani, niliyoiandika kwa mkono na kuikabidhi dirishani, haikujibiwa mpaka leo, na ya pili niliambiwa niiache tu juu ya meza. Jina la mahakama yako sitaliandika, wala la karani, wala namba ya njia ninayoendesha. Wewe utajijua. Na madereva wenzangu wa gari za abiria za njia namba 602, 603 na 606 hapa Pemba watajua kuwa yaliyonifika mimi yangeweza kumfika yeyote kati yao, na wengine yameshawafika.

Juzi Alhamisi, alfajiri, nilikuwa na gari imejaa abiria wanaowahi meli ya Unguja. Kiti cha mbele nilimkalisha bi mkubwa mmoja mwenye barua ya rufaa ya Hospitali ya Mnazi Mmoja. Bahasha ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili, na mwanawe kakaa nyuma yake anamshikia mkoba. Njiani tukasimamishwa. Nikatoa leseni, bima na rodi laiseni, vyote viko hai. Askari akaangalia namba ya gari, akaangalia daftari lake, akaniambia nizime gari nishuke. Kuna hati ya kukamatwa kwa jina langu: niliitwa mahakamani nikakimbia.

Nikamuuliza niliitwa lini. Akanitajia tarehe.

Mheshimiwa, tarehe hiyo nilikuwa kwako. Nilikaa kwenye baraza ya mahakama yako tangu saa 2 asubuhi mpaka ikaadhiniwa adhuhuri, kikaratasi changu nimekishika mkononi. Niliingia ndani mara tatu kuuliza, na mara zote tatu nikaambiwa jalada halijafika, nisubiri. Mara ya nne nikaambiwa niende zangu nirudi wiki ijayo. Nikaondoka kama nilivyoambiwa. Kumbe siku hiyo hiyo, sijui saa ngapi, jina langu likaitwa, sikuitika, ikaandikwa kuwa sikufika.

Pale njiani abiria walishuka mmoja mmoja na mizigo yao, kila mtu anasimamisha kinachopita. Bi mkubwa akaniuliza, "Mwanangu, na mimi nitawahi?" Sikuwa na la kumjibu. Walipata pikapu ya samaki, akapandishwa mbele, na nimesikia baadaye kuwa walifika meli imeshaondoka. Mimi nililala kituoni usiku ule. Nilitoka Ijumaa kwa dhamana, baada ya shemeji yangu kuhangaika kutafuta barua ya sheha, kiongozi wa mtaa wetu.

Sasa nikueleze kosa lenyewe, maana silikatai na sijalikataa hata siku moja. Yapata miezi mitatu nyuma nilikamatwa taa ya breki ya kushoto imeungua. Ni kweli ilikuwa imeungua. Kijana aliyenikamata alikuwa na adabu zake, aliniandikia kikaratasi, akaniambia, "Ami, Jumatatu nenda mahakamani, utasomewa, utakiri, utalipa, utaondoka." Sheria ya Usafiri Barabarani Namba 7 ya 2003 naijua kwa kiasi cha dereva wa kawaida, na nilikuwa tayari kulipa. Balbu nilibadilisha jioni ile ile. Pesa ya faini nikaiweka kando, ndani ya kifuko cha leseni, na Jumatatu nikaja.

Jumatatu ya kwanza jalada halijafika. Ya pili nikaambiwa mwenye ufunguo wa kabati amevuka Unguja. Ya tatu karani akaniuliza nilikamatwa wapi hasa. Nikamweleza: baada ya kona, kabla ya daraja. Akasema hapo si kwetu, hapo ni wilaya ya wenzetu, nenda kule. Nikalipa nauli kwenye gari ya mwenzangu, mimi dereva, nikaenda mji wa pili. Kule nako wakafungua rejista, karani akapitisha kidole kurasa tatu juu chini, akasema kesi yako haimo humu, rudi ulikotoka. Nikarudi. Hiyo ya kurudi ndiyo siku niliyoandikwa nimekimbia.

Nimekifikiria sana kidole kile. Alikuwa akitafuta jina. Mheshimiwa, wewe unakijua kisiwa hiki. Sisi ni akina Hamad, Ali, Juma, Khamis, Faki na Kombo, baba na mwana na mjukuu tunazungushiana majina hayo hayo. Jina langu ukiliita barazani wataitika watu wanne, na wote wana leseni. Katika kurasa zile tatu niliona kwa macho yangu majina mawili sawa na langu, mmoja wa bodaboda na mwengine wa gari ya mchanga, na karani alitaka kunikabidhi kesi ya mmoja wao. Nikamwambia hiyo ya kutovaa helmeti si yangu, mimi naendesha gari. Angetafuta kwa namba ya gari angemaliza kwa dakika moja, kwa sababu namba ya gari ni moja tu na haina wajina.

Na kikaratasi chenyewe ukione. Ni nakala ya chini ya karatasi ya kaboni, maandishi ya buluu yaliyofifia tangu siku ya kwanza. Miezi mitatu nimekikunja na kukikunjua, jasho la mfukoni limeshaila herufi ya mwisho ya namba ya gari, na pale palipoandikwa mahakama pamebaki alama tu. Hicho ndicho ushahidi wangu peke yake. Hakuna pahala popote, si hapo wala kwenye rejista yenu, panapoonesha kuwa nilifika mahakamani, kwako na kule kwa wenzenu, mara tano. Mara tano, Mheshimiwa.

Jalada linakwama wapi? Mimi si mwanasheria, naeleza ninavyoona nikiwa barazani. Kikaratasi kinaandikwa na askari, na polisi ni mambo ya Muungano. Kikitoka hapo kinapita kwa waendesha mashtaka. Kisha ndiyo kinafika mahakamani, na mahakama ni za Zanzibar, zina utaratibu wake. Ni nyumba tatu, na nadhani hakuna anayeulizwa pale karatasi inapolala njiani. Kila nyumba ukiiuliza inakuonesha ya jirani. Sisemi kuna mtu mmoja mbaya. Lakini dereva ndiye anayezungushwa, na mwisho wa mzunguko ndiye anayeandikwa mkosa.

Bara dereva anaingiza namba ya gari kwenye simu, anaona gari inadaiwa nini. Na sisi hapa si wageni wa kulipa kwa namba: ZanMalipo, ule mfumo wa malipo ya serikali, tunaitumia, hata mzee wa shamba asiyejua kusoma anamwambia mjukuu wake amlipie. Basi kosa la balbu kwa nini nilitafute kwa miguu, mji hadi mji?

Nikukumbushe jambo ambalo naamini hujalisahau. Ulikuja kwenye mkutano wetu sisi madereva, ukashika kipaza sauti, ukasema orodha ya kesi za barabarani itabandikwa nje kwa namba za gari kabla ya Ramadhani. Tulikupigia makofi, na mimi nilipiga. Ramadhani ikaingia, Idi ikapita. Ubao upo pale ukutani, una kioo na kufuli dogo. Juzi nilipokuwa nasubiri niliusoma wote, maana sikuwa na la kufanya: kalenda ya mwaka jana, na tangazo la mnada wa baiskeli mbili. Na kila mwaka mwezi wa Februari tunasikia redioni hotuba za Siku ya Sheria, haki iharakishwe, mwananchi asizungushwe. Nami nakaa garini nazisikiliza, na nilikuwa naziamini.

Kwangu mimi mambo yameshaharibika. Tajiri wa gari ni mtu mzuri lakini naye anataka hesabu yake, na siku tano za mahakama na moja ya kituoni hakuna hesabu. Jumamosi alinichukua pembeni akaniambia ufunguo atamkabidhi kijana mwengine mpaka mambo yangu yaishe. Na hivi karafuu ndiyo zinaanza, gari zinajaa wachumaji asubuhi na jioni, ndiyo miezi tunayolipia madeni ya mwaka mzima. Mwanangu wa kati anadaiwa skuli. Mke wangu kaongeza mikate ya kuuza, anaamka saa 9 usiku kukanda unga, nami nimelala sina pa kwenda. Ile pesa ya faini niliyoiweka kwenye kifuko cha leseni imeshaliwa na nauli za kuja kwako.

Kuna jambo jengine nitalisema ingawa si zuri kulisema. Vijana wetu wanaona haya yote. Wanaona mtu aliyekubali kosa na kuifuata mahakama amelala kituoni, na wanajua njia ya kuyamaliza pale pale barabarani, pesa ndani ya leseni, dakika mbili, umeondoka. Mimi nilikataa njia hiyo. Jumamosi nikiwa stendi kijana mmoja akaniambia, "Ami, wewe umejitakia." Nimeshindwa kumjibu, na lililoniuma ni kwamba zamani ningemjibu.

Katiba ya Zanzibar ya 1984, ibara ya 12, inatwambia watu wote ni sawa mbele ya sheria, na mtu asifanywe mkosa kabla haijathibitika kuwa ametenda kosa. Hilo la balbu limethibitika, nimekiri mwenyewe. Hilo la kukimbia nimehukumiwa nalo bila ya kuulizwa, na hilo ndilo lililonishusha kwenye gari mbele ya abiria wangu.

Nilikusudia kukuomba mengi. Orodha ibandikwe kwa namba ya gari na tarehe. Kikaratasi kitaje mahakama kwa maandishi yanayosomeka. Jalada likichelewa kuja, litafutwe na mahakama, asitumwe dereva. Hati ile iliyotoka kwa jina langu ifutwe. Nimeyaandika, nimeyafuta, nikayaandika tena, na naona ukiniuliza ni lipi naweza kulipata wiki hii bila ya kikao wala bajeti, ni moja.

Muhuri, Mheshimiwa. Pale dirishani kuna muhuri wa tarehe, nimeuona, upo juu ya kibweta cha wino karibu na mkono wa kulia wa karani. Mtu akija na kikaratasi chake na jalada halijafika, apigiwe muhuri nyuma ya kikaratasi hicho: amefika, tarehe fulani. Basi. Ningekuwa na muhuri mmoja tu, wa siku ile, Alhamisi ningemuonesha askari, na bi mkubwa yule angepanda meli yake.

Jumatatu nitakuja tena. Nitakuwa barazani saa 2 kabla mlango haujafunguliwa, nikiwa na kikaratasi kile kile, na safari hii pesa ya faini nimekopa. Kama jalada lipo, nisomewe, nikiri, nilipe, nipewe risiti yangu niende kuomba ufunguo wa gari. Kama halipo, naomba nipigiwe muhuri.

Wako katika kusubiri,
Dereva wa gari ya abiria,
Mtambile, Pemba