Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Samani Kuukuu, Uzito na Nyumba za Mawe

Ndugu wanachama,

Kazi nyingi za sanaa zilizofika mbele ya kamati mwaka huu ni za kusimika, yaani zinazosimamishwa chumbani ili mtazamaji azizunguke, zilizotengenezwa kwa samani za nyumbani: makabati, vitanda vya samadari, makasha, droo zilizong'olewa mezani. Ubunifu haukukosekana. Kilichopungua ni hesabu, na hesabu yenyewe ni ya uzito. Ndiyo maana sehemu kubwa ya taarifa hii ni ya zege.

Wengi wenu mmevutwa na msanii Doris Salcedo wa Kolombia, anayejaza zege ndani ya makabati na vitanda hadi yasifunguke wala kulalika tena. Mnavutwa pia na msanii Mwingereza Rachel Whiteread, aliyemimina zege ndani ya nyumba nzima mjini London mwaka 1993, kisha kuta zikaondolewa na vyumba vikabaki vimesimama kama jiwe. Kazi ile ilibomolewa Januari 1994. Ilisimama ardhini, kwenye msingi. Haikuwa juu ya boriti za mikoko, kama zilivyo sakafu za ghorofani katika nyumba zetu za mawe za Mji Mkongwe, Zanzibar.

Chukueni kabati la kimo cha sentimita 180, upana 100 na kina 50. Likijazwa lote, ni zege la mita za ujazo 0.9. Mita moja ya ujazo ina takriban kilo 2,400, kwa hiyo kabati hilo lina kilo 2,160 kabla ya kuhesabu mbao. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 za ziada kwa mita ya mraba, nasi tunaweka tani mbili juu ya nusu mita ya mraba. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe hali ni ngumu zaidi, kwa sababu ncha za boriti zimezama ukutani, na humo ndimo unyevu huziozesha bila mtu kuona. Kabla ya kupandisha chochote ghorofani, gongeni boriti karibu na ukuta na kuzichoma kwa bisibisi. Ikizama kwa urahisi, kazi ibaki chini.

Wengine wamepunguza kwa kuweka boksi la povu katikati na kuacha zege la unene wa sentimita 5 pande zote. Hapo uzito hushuka hadi kilo 690 hivi, na bado kazi hiyo ni ya kuwekwa chini tu, si ghorofani. Kamati inapendekeza bamba la mbele peke yake, unene wa sentimita 3, likishikwa na wavu wa chuma: kilo 130. Mtazamaji anaona mlango uliozibwa. Nyuma hakuna anayechungulia.

Zege bichi likimwagwa kwa mkupuo mmoja hadi sentimita 180, linasukuma kuta za chini kwa zaidi ya tani 4 kwa mita ya mraba. Bawaba hazihimili, na milango hufunguka usiku. Mimineni sentimita 30, subirini zianze kushika, ndipo muendelee, milango ikiwa imebanwa kwa nje. Ndani pakeni vanishi mara mbili na kutandika nailoni, la sivyo mbao hunywa maji, hufura, na ndimi za viungo hutoka kwenye matundu yake. Mchanga wa ufukweni msiutumie: chumvi hula misumari, na kutu huchora mistari kwenye mbao.

Kuhusu droo zilizochorwa ndani, mfano wetu wa karibu ni Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar na mshindi wa Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, ya 2017, ambaye huchora nyuso za watu ndani ya droo za zamani. Huhitaji kulikata kabati vipande vipande ili lizungumze. Tatizo la droo za wanachama ni rangi kubanduka. Rangi ya akriliki haishiki juu ya vanishi kuukuu yenye nta. Futeni kwa spiriti, pigeni msasa namba 120 kisha 180, futeni vumbi, wekeni praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza. Msaji una mafuta yake, hivyo ufutwe tena muda mfupi kabla ya gundi au praima.

Mbao zilizobunguliwa zisiingie ukumbini. Wekeni karatasi nyeusi chini ya samani kwa wiki mbili; unga mpya ukionekana, wadudu wako hai. Droo na viti vidogo vifungwe kwenye nailoni, hewa itolewe, vikae ndani ya friza ya nyuzi -20 kwa wiki mbili. Vikitoka, visifunguliwe hadi vipate joto la chumba, ili umande ubaki nje ya nailoni. Dawa ya boraksi huingia kwenye mbao tupu tu. Kuipaka juu ya vanishi ni kupoteza pesa.

Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hazishiki plagi za skrubu. Tumieni fremu inayosimama yenyewe. Aliyetoboa ukuta azibe kwa chokaa na mchanga, 1 kwa 3, kamwe si kwa saruji, kwani saruji hufungia unyevu ndani na lipu ya jirani hubanduka. Na ruhusa ya mamlaka ya hifadhi hutangulia, hata kwa tundu moja.

Viti vilivyopangwa juu ya viti vimeletwa vingi mno. Salcedo aliporundika viti 1,550 hivi kati ya majengo mawili Istanbul mwaka 2003, uso wa mbele ulinyooka kama ukuta. Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Kuvipaka tu rangi hakutoshi.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Kwa mwaka ujao, kila anayeomba chumba amkabidhi katibu vipimo, uzito uliopimwa kwa mizani au kukokotolewa, na mchoro wa viungo. Ombi lisilo na uzito halitapangiwa ghorofa.