Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo na Mifugo, Kaunti ya Kwale: chupa za harufu kwenye mitego ya mbung'o

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu na heshima, mimi ni mfugaji wa ng'ombe upande wa Shimba Hills, na ninakuandikia kuhusu jambo moja tu: matunzo ya mitego inayotumia harufu kuwanasa mbung'o, wale nzi wanaofyonza damu na kueneza magonjwa. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imetokomeza malale, ugonjwa ambao mbung'o huwaambukiza watu, kama tatizo la afya ya umma. Habari hiyo ilitufurahisha sote, lakini mbung'o wenyewe hawajaondoka, na nagana, ugonjwa wanaowaambukiza mifugo, ingali inakondesha ng'ombe wetu, inawaharibu mimba na kuwaua.

Mbung'o hupata harufu ya mnyama kabla ya kumwona. Akishainasa huifuata dhidi ya upepo kwa makumi ya mita, na anapokaribia ndipo macho yanapomwongoza, naye huvutwa sana na rangi ya bluu na nyeusi. Watafiti waliofanya kazi katika bonde la Zambezi, nchini Zimbabwe, waligundua kwamba miongoni mwa vitu vinavyomwita katika pumzi ya ng'ombe ni kemikali mbili, asetoni na oktenoli, na baadaye ikabainika kuwa mkojo wa ng'ombe na wa nyati una kemikali nyingine, fenoli, zinazofanya kazi hiyohiyo. Maana yake, Mheshimiwa, ni kwamba sehemu ya chambo hiki tunayo tayari zizini na hainunuliwi. Kule Nguruman, Kajiado, mwishoni mwa miaka ya 1980, Wamaasai walishirikiana na watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, kutengeneza mitego ya vitambaa, wakaiwekea asetoni na mkojo wa ng'ombe, na mbung'o wakapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mbung'o wa jike huzaa buu mmoja tu kila baada ya siku 9 au 10, ndiyo sababu kuua asilimia 4 ya majike kila siku kunatosha kuangamiza kizazi chao taratibu.

Hata hivyo, yote hayo hutegemea chupa ya harufu iliyo kwenye mtego iwe na kitu ndani. Kijijini kwetu mitego ililetwa na mradi mmoja, na miezi ile ya mwanzo ng'ombe walikunywa maji mtoni kwa utulivu ambao sikuwa nimeuona kwa miaka mingi. Mradi ulipomaliza muda wake asetoni ilikauka, vitambaa vikapauka kwa jua, vingine vikaibwa, nyasi zikafunika vilivyobaki. Msimu uliofuata nilipoteza ng'ombe wawili, mmoja akiwa na mimba. Mpaka leo inaniuma, kwa sababu kilichokosekana kilikuwa kidogo mno.

Ninaomba, basi, bajeti ya kaunti iwe na fungu la kila mwaka, lisilotegemea wafadhili, la kununulia asetoni, dawa ya kuua wadudu ya kutia kwenye vitambaa na vitambaa vyenyewe, pamoja na posho ya vijana wawili au watatu katika kila kijiji watakaozungukia mitego, kufyeka nyasi na kujaza chupa. Vijana hao wafundishwe kwanza, kwa kuwa asetoni hushika moto upesi. Ninaomba pia wataalamu wapime ni mbung'o wa aina gani wapo kila mahali kabla ya kutundika mitego: aina iitwayo pallidipes huitikia harufu hizi vizuri, lakini aina ya austeni wanaojificha vichakani huziitikia kidogo sana, na kwao itafaa kuwapaka ng'ombe dawa ya kuua wadudu. Tena ipo harufu ya kuro, mnyama ambaye mbung'o humkwepa, ambayo ICIPE iliitia katika kola za ng'ombe na kuzijaribu papa hapa Kwale. Kola zikiwafukuza mbung'o mifugoni huku mitego ikiwaita kando, tutakuwa tumewabana pande zote mbili.

Mkojo wa ng'ombe tutautoa sisi wafugaji, na tumeshakubaliana nani ataukusanya kila wiki. Tunasubiri asetoni na vitambaa kabla ya mvua za masika.

Wako mwaminifu,
Mfugaji, Kwale