Ubongo hautumiki kwa asilimia 10 tu

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe dai linalorudiwa hata katika semina za walimu, kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake. Kiungo hicho, chenye takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, hula karibu asilimia 20 ya nishati yake hata mtu akiwa amepumzika. Mwili usingegharimia hivyo kitu kilicholala.

Linaloniudhi zaidi ni kuwagawa watoto kuwa wa kuona, wa kusikia na wa kutenda, eti kila mmoja hujifunza vyema akifundishwa kwa njia yake, ilhali mapitio ya tafiti ya mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake, ya mwaka 2008, hayakupata ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha ufundishaji wa namna hiyo. Mwanangu, aliyeambiwa kuwa ni “wa kusikia”, aliushika mchoro wa moyo pale tu alipofunga kitabu, akauchora kwa kumbukumbu, akakosea mishipa miwili, akarudia.

Mzazi na msomaji wenu