Mfupa wa chui milia unatuhusu mpaka huku Liwale

Mhariri, salaam nyingi. Mimi msomaji wako wa siku nyingi niko Liwale mkoani Lindi, naomba nafasi kidogo niseme hili jambo la biashara ya mifupa ya chui milia na simba maana nimekaa nalo mwezi mzima na kila nikiwaelezea watu kijiweni wananambia hayo mambo ya Wachina sisi yanatuhusu nini.

Mjomba wangu anarina asali. Mwezi uliopita anatoka porini akakutana na mtu wa pikipiki, mgeni, wakasalimiana vizuri tu, wakaongea habari za asali na bei ya ufuta, alafu yule mtu akamuuliza eti mzee huko unakopita huwa hukuti mzoga wa simba? Mjomba akajua anataka mafuta, mana mafuta ya simba watu wa dawa wanayauza sana, huyu kinga, huyu nyota. Yule akasema hapana, mafuta wachukue wenyewe, yeye anataka mifupa. Mifupa mitupu. Mjomba ana miaka zaidi ya 60, porini kakulia, hajawahi kusikia mtu anatafuta mifupa ya simba.

Ndo nikaanza kusoma kwenye simu.

Kumbe mfupa wenyewe unaotafutwa kwa asili yake sio wa simba, ni wa chui milia, yule mnyama wa Asia mwenye michirizi ambaye wengine wanamwita taiga na kwetu Afrika hayupo porini. Kule China na Vietnam kuna watu wanaloweka mifupa yake kwenye pombe au wanaichemsha mpaka inakuwa kama gundi, wanaamini inatibu viungo na kurudisha nguvu, ngozi inakuwa pambo la nyumba ya tajiri, meno na kucha wanavaa. (Na hapa nitoe hofu kidogo, hapa mtaani kuna wanaosema ile dawa ya kuchua ya Tiger Balm ina mafuta ya huyo mnyama, sio kweli, mle ni kafuri na mentoli, jina tu.) Miaka mia iliyopita inakadiriwa walikuwa kama laki moja porini, mwaka 2010 wakawa wamebaki kama 3,200. Kisiwa cha Bali wameisha, Java wameisha, Kambodia mara ya mwisho kamera ya porini kumpiga picha mmoja ni 2007. China yenyewe ilipiga marufuku biashara ya hiyo mifupa mwaka 1993, mwaka 2018 ikataka kulegeza kwa matumizi ya hospitali, dunia ikapiga kelele ikaahirisha.

Sasa mnyama kawa adimu na mnunuzi bado ana hela yake mkononi, anafanyaje? Anatafuta anayefanana naye. Mfupa wa simba ukishakauka ukauweka na wa chui milia kwa macho tu huwezi kujua upi ni upi. Afrika Kusini ambako simba wanafugwa kwenye mazizi kama ng'ombe, mwaka 2017 serikali ya kule iliruhusu mifupa kamili ya simba 800 iuzwe nje, mwaka uliofuata ikapandisha mpaka 1,500, mwaka 2019 mahakama ikasema utaratibu ule haukuwa halali. Na Msumbiji hapo ng'ambo ya Ruvuma simba wamekuwa wakiwekewa sumu kwa ajili ya meno na kucha. Ruvuma mnyama anavuka, na mtu wa pikipiki anavuka vilevile.

Kuna ndugu mmoja alinambia, sasa si wawafuge tu hao chui milia wauze, wa porini wapumzike? Kwa kweli nilimuelewa, hata mimi ndo wazo lililonijia mwanzo. Na wanafugwa, huko China, Laos, Thailand na Vietnam wako maelfu kwenye mabanda, wengi kuliko waliobaki porini. Lakini angalia kuku. Kuku wa kisasa wamejaa kila kona na bei yake ya chini, je mtu ameacha kutafuta kuku wa kienyeji? Kinyume chake kienyeji ndo kimepanda bei, watu wanasema ndo mwenye ladha ndo mwenye dawa. Na mnunuzi wa mifupa anasema hivohivo, wa porini ndo mwenye nguvu. Alafu yule wa bandani anakula nyama kila siku kwa miaka, wa porini gharama yake ni sumu ya shilingi ngapi tu, na mzigo ukishachanganywa na ule wa bandani wenye karatasi hakuna askari wa bandarini atakayeujua.

Sumu yenyewe haiui simba peke yake, fisi atakuja, tai watakuja, mbwa wa mtu atakuja.

Sitaki mtu asome hapa aseme huyu anatetea simba kwa sababu hajawahi kumuona. Huku kwetu simba ni msiba. Utafiti uliotoka 2005 ulihesabu Watanzania zaidi ya 563 waliouawa na simba tangu mwaka 1990, na Lindi na Rufiji ndo tulikuwa mbele. Nguruwe pori anafuata mahindi, simba anamfuata nguruwe, na kwenye dungu la kulindia shamba yuko binadamu kalala. Bibi yangu mpaka leo hataki kusikia neno simba usiku, na wazee wapo wanaoamini wale hawakuwa simba wa kawaida bali wa kutumwa. Kwa hiyo mtu akimchukia simba hapa namuelewa kabisa. Ila kumchukia ni jambo moja na kumuuza mfupa mfupa kwa mgeni ni jambo lingine, mana huyo mgeni hatatafuta yule simba aliyekula mtu, atatafuta yeyote.

Na tusidhani ni sisi peke yetu. Kuna msitu mkubwa wa mikoko unaitwa Sundarbans, Bangladesh na India, mikoko kama yetu ya Kilwa na Rufiji ila mikubwa mno, chui milia wanaishi mle ndani na wanaua watu, wavuvi na warina asali kama mjomba. Kuna kipindi walikuwa wanavaa kinyago kisogoni wakiingia msituni, kwa sababu yule mnyama anapenda kurukia kwa nyuma, akiona uso anasita. Nepal nao chui milia walikuwa 121 mwaka 2009, mwaka 2022 wakahesabiwa 355, na sheria ya kule inataka kati ya asilimia 30 na 50 ya mapato ya hifadhi irudi kwa vijiji vinavyoizunguka. Mnyama kaongezeka na mwanakijiji anaona barabara na shule, ndo mana akipita mtu anauliza mifupa anaripotiwa.

Mhariri, tembo wa Selous miaka ya 70 walikuwa zaidi ya laki moja, hesabu ya 2014 ikakuta kama 15,000. Nani alikuwa anaandika wakati wale wageni ndo kwanza wanaanza kuulizia pembe vijijini?

Naomba gazeti lako liandike hili la mifupa mapema, na liwaambie watu wazi kwamba hata kuokota tu kucha au mfupa wa simba ukauweka ndani bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009, ni nyara za serikali, kifungo kinaweza kufika miaka 30, mana wengi huku hawajui na atakayefungwa ni mrina asali, sio tajiri wa mzigo. Na kama kuna magazeti bado yanapokea matangazo ya waganga wanaotaja mafuta ya simba, yaache jamani.

Yule mtu wa pikipiki alimuachia mjomba namba ya simu, akasema ukiona chochote nibipu. Mjomba namba kaipeleka kwa askari wa wanyamapori kesho yake asubuhi. Wiki iliyopita yule mtu wa pikipiki kampigia tena mjomba, anauliza kama amepata.

Msomaji wako,
Liwale, Lindi