YAH: Moshi unaovuja kwenye gari mlilosema mmelitengeneza

Kwa Meneja,

Salaam. Naandika kwa adabu, ingawa adabu hiyo sikuiona kwenu.

Risiti yenu inasema mmeweka gasketi mpya ya manifoldi, yaani kile kizibo kati ya injini na bomba linalokusanya moshi wake. Dhamana yenu mnaijua wenyewe. Nimeliwasha gari hapa nyumbani Bombo asubuhi, injini ikiwa baridi, likagonga tik-tik-tik chini ya boneti, kisha sauti ikafifia lilipopata moto. Chuma kikipata moto hutanuka, ufa ukabanwa. Kwa hiyo anayelipima likitoka barabarani hasikii kitu. Kijana wangu akaziba bomba la nyuma kwa tambara bichi, nami nikanyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likatoka pale pale manifoldi inaposhikana na injini. Kando yake masizi meusi, na stadi ya mwisho, ile skrubu inayoshikilia manifoldi, haina nati. Haina kabisa!

Nikalirudisha. Msimamizi wenu wa mapokezi hakufungua hata boneti. "Mama, kwani wewe ni fundi? Magari ya zamani yote yananuka. Fungua dirisha." Wenzake wakacheka.

Fungua dirisha! Kabla ya hapo watoto walikuwa wakilia kichwa kila tukienda Kampala, nami nikidhani ni jua. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa gari, haina rangi wala harufu, na huua mtu akiwa amesinzia. Ndiyo hiyo ya kufungulia dirisha?

Narudia, maana silali nikiikumbuka. Nimesimama mbele ya wateja, mwanangu mdogo amenishika mkono, nimemwekea mezani simu yenye video ya povu. Akaisukuma kwa kidole bila kuitazama, akaniuliza kama mimi ni fundi, chapati mdomoni. Mwanangu akaniuliza njiani kwa nini wale wajomba walicheka.

Nilitaka tu mfunge nati na gasketi nyingine bure. Sasa sitaki mliguse tena. Nirudishieni pesa zangu zote, mlipie fundi mwingine nitakayemchagua mimi, na msimamizi huyo aniombe radhi kwa maandishi.

Nasubiri hadi Ijumaa ijayo. Ikipita, nakwenda mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo, yale yasiyozidi shilingi 10,000,000, ambayo hayahitaji wakili. Video, risiti na picha ya stadi nimeshazihifadhi, na wateja waliokuwepo siku ile wawili ni majirani zangu.

Wasalaam,
Mteja wenu, Bombo