Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Fidia ya Aliyeumia Kazini

Ndugu wanachama, assalamu alaykum.

Hesabu za michango atazisoma mhazini, sitazigusa. Taarifa ya mwaka huu nimeiachia jambo moja: fidia ya fundi au kibarua aliyeumia kazini, na kwa nini wengi huikosa hali haki yao i wazi.

Sheria ya Kenya ya mafao ya kuumia kazini ni ya mwaka 2007, na ofisini huitwa WIBA, kifupi cha jina lake la Kiingereza, Work Injury Benefits Act. Ilipingwa mahakamani kwa miaka, mpaka Mahakama ya Juu ilipoithibitisha Desemba 2019. Kwa hivyo dai huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si kwa hakimu. Anayekuhimiza ulipe pesa mkafungue kesi leo, mwambie angoje.

Mtu akianguka kwenye jukwaa la boriti Shela, au chokaa ikimruka jichoni, mwajiri aarifiwe siku hiyo hiyo. Taarifa ya mdomo inakubalika kisheria, lakini maneno ya mdomo hukanwa. Tuma ujumbe wa simu wenye tarehe, saa, mahali na majina ya walioona, kisha usiufute. Mwajiri ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi. Palipo na kifo, saa 24. Gharama za kumfikisha majeruhi hospitali na za matibabu ni za mwajiri. Ukilipa kwa kadi yako ya bima ya afya ukanyamaza, umemsaidia kuficha kwamba ajali ilikuwa ya kazini.

Hapo hospitali ndipo madai mengi yanapoharibika. Kadi ikiandikwa "ameanguka" tu, wakala wa bima ya mwajiri atauliza: ameanguka wapi, kwake au kazini? Mwambie daktari aandike "ameumia akiwa kazini", tarehe, na kiungo chenyewe: kidole kipi, mkono upi. Jina liwe lile la kitambulisho. Aliyesajiliwa kwa jina la nyumbani huja kuhangaika na viapo baadaye.

Fomu ni DOSH/WIBA 1. Sehemu ya kwanza hujazwa na mwajiri, ya pili na daktari, ya tatu na ofisa wa usalama kazini. Sehemu ya kwanza isome kabla haijaondoka, hasa mstari wa mshahara. Fidia ya ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96, mara asilimia ya ulemavu. Anayepata shilingi 15,000 kwa mwezi akikadiriwa asilimia 10 anastahili 144,000. Mwajiri akiandika 9,000, zinabaki 86,400. Shilingi 57,600 zimekwenda kwa mpigo mmoja wa kalamu. Ndiyo maana tunasisitiza kila kibarua aweke daftari lake la siku na malipo, hata kama ni kijidaftari cha dukani.

Asilimia nayo isiharakishwe. Kidole kisichokunjika hujulikana plasta ikishatolewa, si siku ya tatu. Wakati unapougua, ikiwa huwezi kazi kwa siku 3 au zaidi, unadai mapato yako ya kawaida, kwa muda usiozidi miezi 12. Hayo hayapunguzi fidia ya kilema.

Mbinu inayotutesa zaidi ni ya "pole". Mwajiri huja na bahasha, shilingi elfu kadhaa na karatasi ya kutia dole gumba kwamba hudai tena. Pole ipokelewe kwa shukrani, karatasi irudi naye.

Wapo pia wanaoambiwa, "Wewe si mfanyakazi, ulichukua kandarasi." Aliyechukua kazi kwa kandarasi yake mwenyewe kweli hayumo katika sheria hii. Lakini ikiwa saa za kuingia anapanga mwajiri, grainda ni yake na kila Ijumaa anakulipa kwa siku, jina la kandarasi halibadilishi kitu. Walete mashahidi.

Kwa wakata mawe wa kisiwa cha Manda: usafiri wa bure anaouandaa mwajiri kwenda na kurudi kazini huhesabiwa sehemu ya kazi. Sheria inataja gari. Kwetu gari ni mashua, na kamati itashikilia hivyo mpaka tuambiwe vinginevyo kwa maandishi.

Dai liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, au tangu kifo. Likishafikishwa kwa mwajiri au bima yake, wana siku 90 za kulipa. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kupinga kwa maandishi. Yeye hujibu ndani ya siku 14, na tangu ulipokee jibu hilo una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Barua isije ikalala kwa jirani, basi andika nambari ya simu inayopatikana.

Fomu tupu ziko kwa katibu. Anayejaza alete nakala ya kila ukurasa siku hiyo hiyo, tuihifadhi kwenye faili lake.

Mwenyekiti